Pongezi kwa Mafundi wa Njia ya Tunduma

Lori lililopanda Mlima Kitonga na shehena ya Zambia, kisha tabo yake (kisukuma-hewa cha injini) ikalia mbinja na dohani kutoa moshi wa samawati, humfikisha mwenyewe, akiwa si tajiri, mahali ambapo bei ya vipuri vipya humnyima usingizi. Na hapo ndipo adhihirikapo fundi wa gereji ya kando ya njia, ambaye ni haki yake kutajwa kwa taadhima.

Yeye, kabla ya kuigusa injini yenyewe, huchomoa mpira wa hewa, akalishika gurudumu dogo la tabo kwa ncha za vidole na kulitikisa huku na huku, kwani mhimili wake, uwezao kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili ikichafuka au kukatika, bushi huliwa na mapanga hukwaruza nyumba ya tabo. Mwenye tamaa angeamuru inunuliwe injini nzima; huyu huzibua kwanza mrija wa oili, akapima krenki, akabadili ringi zilizokwisha na kuiacha pistoni iliyo salama. (Silikoni waipakayo baadhi ya mafundi mdomoni mwa mrija huo siisifu, maana ikimeguka huziba njia ileile.) Ijara ya fundi huyu, kwa maarifa hayo, ni haba mno.