Vitamini C na Jeraha Lisilotakiwa Kufunga

Tabibu wa viungo vingine hushukuru aonapo jeraha limefunga upesi, ila mpasuaji wa glakoma, maradhi ambayo wengi huyaita presha ya macho, huliogopa jambo hilo kuliko yote. Trabekulektomi, upasuaji ulioelezwa na John Cairns wa Cambridge mwaka 1968, hufungua njia ndogo chini ya kifuniko chembamba kilichochongwa katika weupe wa jicho, ili majimaji yaliyozidi ndani yatoke, yakusanyike chini ya utando wa nje na kunywewa polepole, na shinikizo linalodhoofisha neva ya macho lipungue. Lakini mwili hautambui kwamba tundu hilo limekusudiwa: faibroblasti, yaani chembe zijengazo kovu, za utando wa Tenon ulio chini ya utando huo wa nje, zilizokuwa zimetulia, huamka, hugawanyika na kusuka nyuzi za kolajeni, hata kovu likaiziba njia, na aghalabu msiba huu huwapata zaidi wagonjwa wenye asili ya Afrika.

Kwa hiyo wapasuaji waliazima dawa za saratani, fluorourasili na mitomaisini C, ambazo huzuia kovu barabara, lakini huweza kuuacha utando umekonda, hauna damu, ukivuja au ukipitisha vijidudu. Haja ya kitu kilicho laini zaidi ndiyo iliyowaelekeza watafiti kwenye vitamini.

Hoja ya Henry Jampel, daktari wa Marekani, ilianzia ndani ya jicho lenyewe, ambalo majimaji yake hubeba vitamini C takriban mara 20 zaidi ya damu. Maadamu majimaji hayo hulipitia jeraha mchana na usiku, je, si kwamba yenyewe hushiriki kulizuia lisifunge? Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, faibroblasti za binadamu zilizooteshwa maabara zilikutanishwa na vitamini hiyo, na zile zilizokuwa zikigawanyika zikadhurika. Hapana ajabu, kwa kuwa vitamini C, ikichanganyika na oksijeni katika kimiminika cha kuoteshea chembe, huzaa haidrojeni peroksaidi, nayo ni sumu. Ila kwa sababu iyo hiyo yatokeayo kisahanini hayathibitishi yatakayotokea jichoni.

Tena kuna utata ulio mkubwa zaidi: vitamini C hiyo hiyo ni lazima kwa ujenzi wa kolajeni imara, ndiyo maana mabaharia wa kale walioikosa walifumuka makovu ya zamani. Watafiti wa Japani walishika njia nyingine, wakaonyesha kwamba asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A, hupunguza nguvu ya faibroblasti za Tenon ya kuikaza kolajeni.

Basi mgonjwa aliyepasuliwa asiache matone aliyoandikiwa akategemea vidonge vya dukani. Thamani ya vitamini hapa haimo katika jina lake, bali katika kiwango, mahali na wakati: iwekwe palepale penye jeraha, katika siku chembe zinapogawanyika, kisha iondoke na kuuacha utando uwe mzima.