Usihesabu Mizunguko: Namna ya Kumpima Mcheza Brekidansi

Watazamaji wengi wa brekidansi hushangilia mahali pamoja: pale mchezaji anapojipindua na kuzunguka juu ya kichwa mithili ya pia. Ni ufundi mgumu, wala haufai kubezwa. Lakini anayetaka kutambua nani kacheza na nani kafanya sarakasi tu, aanze na muziki, kwa kuwa dansi hii ilizaliwa ndani ya kipande kimoja cha wimbo. Agosti 11, 1973, katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York, Cindy Campbell aliandaa sherehe ya kuchangisha fedha za nguo za shule, na mpiga santuri alikuwa kaka yake mzaliwa wa Jamaika, DJ Kool Herc. Herc aling'amua kwamba vijana walikuwa wakisubiri pale waimbaji wanaponyamaza, zikabaki ngoma na besi. Akawa anatumia nakala mbili za santuri moja, hii ikimaliza kipande hicho ile inakianza upya, hata sekunde chache zikawa dakika kadhaa. Waliojitosa ukumbini wakati huo ndio wacheza brekidansi wa mwanzo.

Kwa hiyo jicho lianzie kwenye hatua za kusimama, kabla mchezaji hajagusa sakafu. Hapo hakuna pa kujificha: ama mabega na miguu vinaitikia ngoma, ama vinaifukuzia. Akishuka chini, tazama jinsi anavyoingia kwenye mzunguko na jinsi anavyotoka. Anayesita ili ajipange, kisha akazunguka, ameshauacha wimbo uende zake. Kuganda nako kuna hesabu yake: mwili utulie palepale pigo linapoanguka, bila mkono kutafuta mahali pa kushika. Na tusisahau kuwa katika pambano wimbo huchaguliwa na DJ, si mchezaji. Aliyekariri mfululizo wake nyumbani huumbuka hapo, kwa sababu mwili wake unafuata wimbo mwingine kabisa.

Wapo watakaosema kwamba kipimo hiki kinawapunja wenye nguvu, walioumia miaka mingi wakijifunza mizunguko. La hasha. Katika Olimpiki ya Paris 2024 waamuzi 9 walipima mambo 5 kwa uzito sawa: mbinu, wingi wa miondoko, utekelezaji, uhusiano na muziki, na ubunifu. Ugumu una nafasi yake humo, ila haubebi alama zote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba muziki ni suala la ladha, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kweli, ubunifu utabishaniwa daima. Lakini pigo la ngoma halina upendeleo. Mguu umeliwahi au umechelewa, na hata asiyejua jina la mwondoko hata mmoja anaweza kuliona hilo.

Kosa jingine ni kuupeleka mzani huo mzima kwenye mitindo isiyotoka Bronx. Lokingi ilianzishwa na Don Campbell huko Los Angeles karibu na mwaka 1970. Popingi ilikuzwa na Boogaloo Sam wa Fresno, ambaye kundi lake, Electric Boogaloos, lilianza mwaka 1977. Zote mbili ni za California, na kuzilaumu kwa kukosa mizunguko ya sakafuni ni kutozijua. Mcheza lokingi apimwe kwa mikato: asimame ghafla, kisha alegee na kuendelea kwa bashasha, akitaniana na watazamaji. Wa popingi apimwe kwa misuli, inayokazwa na kuachiwa pamoja na mdundo. Ukiona mkono umetikiswa tu huku msuli umelala, huo ni uigaji. Kinachobaki kilekile kotekote ni sikio.

Ukipata video ya pambano, itazame kwanza bila sauti, kisha uirudie ukiwa umeifungulia. Kama hujaona tofauti yoyote, mchezaji huyo usimpe kura.