Mbung'o wa Lambwe: Walionusurika au Wahamiaji?

Mwaka 1981, malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yalipozidi katika Bonde la Lambwe, Homa Bay, ndege zilinyunyiza dawa ya wadudu ya endosulfan kwa awamu. Awamu moja isingetosha: jike wa mbung'o huzaa buu mmoja kila siku 9 au 10, buu huyo hujichimbia ardhini akawa pupa, na huko dawa haimfikii. Mbung'o walipungua mno. Baadaye wakarudi.

Walitoka wapi? Kama ni wazao wa walionusurika vichakani, kasoro ilikuwa ya unyunyizaji. Kama walihamia kutoka nje, hata unyunyizaji safi ungeshindwa. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, vinasaba vinaweza.

Mbung'o hunaswa kwa mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, uliowekewa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mguu wake mmoja unatosha kutoa DNA. Wataalamu hupima mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vinavyojirudia, ambavyo urefu wake hutofautiana baina ya mbung'o. Makundi yanayozaliana hushiriki urefu uleule. Yaliyotengana vizazi vingi hupishana.

Johnson Ouma na Elliot Krafsur walipopima mbung'o wa aina ya Glossina pallidipes, waliomo pia Lambwe, kutoka nchi mbalimbali, walikuta makundi yametengana sana, ingawa mdudu huyu ni hodari wa kuruka. Utafiti wa 2020 nao ukaonyesha mpasuko kati ya mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Makundi kufanana hakuthibitishi kwamba mbung'o wanavuka leo. Huenda yaliachana juzi tu, na mbung'o wakiwa wengi tofauti huchelewa kujitokeza. Swali la iwapo wanavuka leo ni zito kwa Migori, iliyo kati ya Hifadhi ya Ruma, ndani ya Bonde la Lambwe, na mbuga za Mara na Serengeti. Ikiwa mashamba yake yamefunga njia, Ruma, yenye kilomita za mraba 120 hivi, inaweza kusafishwa peke yake. La sivyo, itahitaji uzio wa vitambaa vyenye dawa, na uzio huo hautunzwi bure.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kuwa malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, bado ipo, na udhibiti unaendelea. Mwaka 1981 mikrosatelaiti hazikuwa zimeanza kutumika. Sasa zipo, kwa hiyo kunyunyiza kabla ya kuweka akiba ya miguu ya mbung'o kwenye spiriti, ya kulinganisha na watakaorudi, ni uzembe.