Kutengeneza si Kutunza

Wasomaji, yako maneno ya kigeni tuliyoyafasiri upesi mno, na mojawapo ni lile la Kiingereza "maintenance". Katika afisi na skuli za Unguja limefanywa kuwa "matengenezo", na watu wameridhika. Mimi siridhiki.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao kwa Kilatini, na asili yake ni mkono na kushika: kukishika kitu kisianguke. Lakini sisi tusemapo kutengeneza, twafikiri kitu kilichokwisha kuharibika. Baiskeli hutengenezwa mpira ukipasuka. "Ukarabati" ndio umezidi, maana hautajwi mpaka nyumba iwe karibu na gofu.

Walakini Kiswahili si maskini. Waulizeni wenye vyombo vya baharini. Wao hukalafati, yaani hushindilia pamba katikati ya mbao, kisha hupaka deheni ya chokaa na mafuta chini ya chombo, wala hawangoji maji yaingie. Mwenye nyumba ya udongo hukandika kabla ya masika. Mwenye makuti huezeka upya. Kila kazi ina kitenzi chake na majira yake. Labda ndiyo sababu wazee hawakuhitaji neno moja la kuyakusanya yote. Afisi ndiyo iliyolihitaji, ikaokota lililokuwa karibu.

Tena Waingereza hutumia neno lilo hilo kwa fedha ambazo baba hupaswa kumpa mtoto wake. Hapo hakuna hakimu asemaye matengenezo. Husema matunzo, na kila mtu hufahamu kwamba mtoto hangojwi augue ndipo alishwe. Hata nafaka, jina tuupalo mtama na mpunga, kwa Kiarabu asili yake ni gharama ya kumkimu mtu aliye juu yako. Basi, ikiwa mtoto hupewa matunzo, kwa nini ukuta upewe matengenezo tu?

Mtu atasema huu ni ubishi wa mwalimu. Na atazame Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mji Mkongwe ulitiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na sifa zikaenea. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ya jumba hilo iliporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa katika ukarabati wenyewe, upande mkubwa wa jumba ukaanguka na watu wawili wakafa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kila mvua, kisha hukauka ukipata hewa. Chokaa yake yataka kupakwa tena na tena. Wengi huifikiri saruji kuwa dawa, nayo huufungia unyevu ndani. Kazi hii ya chokaa ni ndogo, haina sherehe, wala hakuna kiongozi aitwaye kuizindua.

Hapa Mwanakwerekwe ninakofundisha, ambako masika mengi maji yalituama barabarani, twajua mtaro husafishwa lini: maji yakiisha kuingia nyumbani.

Ningependa daftari la skuli liwe na vifungu viwili. Cha matengenezo kibaki kwa dawati lililovunjika na bati lililopeperuka. Cha matunzo kiandikwe juu yake, kwa ajili ya chokaa, rangi, mafuta ya bawaba na mtaro, na fedha zake zitolewe mwezi wa Februari.