Miso Huanzia Karaini

Kila anayefundishwa kupika supu ya miso huonywa jambo moja: miso isichemke. Sufuria huepuliwa kwanza, ndipo miso ikorogwe humo, maana harufu yake ni nyepesi na huenda na mvuke. Onyo hilo ni sahihi. Lakini huko Sapporo, kisiwani Hokkaido, ambako ramen ya miso, yaani tambi za ngano katika mchuzi wa miso, ilizaliwa miaka ya 1950 katika mkahawa wa Aji no Sanpei wa Morito Omiya, wapishi wengi huikaanga miso kwenye karai la moto kabla ya kuimiminia mchuzi. Anayepika nyumbani asipoijua tofauti hii hupika supu ya miso, akaitumbukizia tambi, kisha akashangaa mbona bakuli limepooza.

Miso ni maharage ya soya yaliyochachushwa kwa chumvi na koji, yaani ukungu uitwao Aspergillus oryzae uliooteshwa juu ya mchele au shayiri. Kwa miezi mingi ukungu huo umevunja protini kuwa asidi za amino, na wanga kuwa sukari. Vitu hivyo viwili vikikutana katika mafuta ya moto hugeuka hudhurungi na kutoa harufu ya ganda la mkate uliookwa. Harufu ya kuchacha hupungua kweli, ila inayochukua nafasi yake ni nzito, na imo ndani ya mafuta, kwa hiyo haipotei haraka. Supu inayonywewa pembeni ya wali haihitaji uzito huo. Tambi za ngano zinauhitaji.

Kwa bakuli moja nilitumia gramu 40 za miso nyekundu na mililita 350 za mchuzi. Sapporo hutumia mafuta ya nguruwe. Mimi nilichukua mafuta ya kuku, na hayakuniangusha. Kitunguu saumu na tangawizi vilitangulia, ikafuata nyama ya kusaga, kisha machipukizi ya choroko, na miso mwishoni kwa muda usiozidi dakika moja. Ikizidi hapo inaungua, na uchungu wake hauna dawa. Mchuzi unamiminwa karai likiwa bado linachachatika.

Mchuzi wenyewe ni mifupa ya kuku iliyochemshwa polepole, pamoja na kombu, mwani mkavu uliolowekwa na kuondolewa kabla maji hayajachemka. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda alitambua kwamba ladha ya kombu inatokana na glutamati. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akaipata inosinati katika katsuobushi, samaki aliyekaushwa kwa moshi. Glutamati na inosinati zikiwa pamoja, kila moja huikuza nyenzake. Kuku naye ana inosinati, hivyo asiye na katsuobushi hajakwama. Wajapani hutumia pia niboshi, samaki wadogo wakavu mfano wa dagaa wetu, nao huwatoa vichwa na matumbo kuepuka uchungu, kama tufanyavyo sisi.

Kwenye tambi nilidhani nitashindwa. Ramen hukandwa kwa kansui, maji yenye kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu, ambayo huufanya unga uwe wa manjano na tambi ziwe na mvutano. Kaboneti ya sodiamu ndiyo pia kiini cha magadi. Basi nilichemsha spageti nyembamba katika maji yenye kijiko kikubwa cha magadi soda ya dukani kwa kila lita. Zilitoka za manjano, zenye kuteleza na kukaza kidogo. Si ramen kamili, lakini kwa jiko la nyumbani zinatosha. Zichuje vizuri, vinginevyo mchuzi utakuwa na ladha ya sabuni.

Utando wa mafuta unaobaki juu usiuengue. Ndio unaozuia bakuli lisipoe, na katika baridi ya Hokkaido hilo si jambo dogo. Wala usiongeze chumvi kabla ya kuonja: miso nyekundu peke yake ina chumvi takriban asilimia 12.