Pongezi kwa Baraza za Pemba

Haina ofisi, haina bajeti. Baraza ya Pemba ni sakafu ya saruji mbele ya nyumba, birika la kahawa chungu, na watu wanaojuana mpaka kwa babu zao. Naipongeza kwa kazi moja: kukutaja hadharani kule kususiana kwa sababu ya vyama.

Baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa 1995, ushindani wa vyama vya CCM na CUF uliingia majumbani. Duka la mwenye chama kingine liligomewa, salamu ikanyimwa, hata mazikoni watu wakatengana. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 uliyarejesha hayo. Ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuufikisha mahakamani. Nani atamshitaki jirani kwa kutokuja matangani? Barazani unashikika. Aliyekususa jana anakunywa kahawa ya birika lile lile, na mzee anaweza kumuuliza mbele za watu: maiti yule alikukosea nini?

Wakubwa nao walifanya lao. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume wa CCM na Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu ya Zanzibar. Julai 2010, katika kura ya maoni, asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Lakini mapatano ya Unguja hayakutosha bila watu wa Wete na Konde, huku Pemba, kuzikana tena.

Zipo baraza zilizogeuka kuwa za chama, ambako mgeni hukaribishwa kwa kimya; hizo sizisifu. Na wanawake, waliosusiwa harusini vile vile, bado mengi yao huyasemea uani.