Mkoa si Kabila: Uhakiki wa Usomaji wa Takwimu za Ukeketaji Mkoani Mara
Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulibainisha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Kwa kuwa sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, wasomaji wengi wa takwimu hizo huufanya mkoa kuwa mbadala wa kabila. Usomaji huo una kasoro mbili. Kwanza, unamjumuisha Mkurya wa Tarime na Mjaluo wa Rorya, ambaye mila zake hazina ukeketaji. Pili, unalichukulia kabila kuwa kitu kisichobadilika. Jan Bender Shetler, katika *Imagining Serengeti* (2007), anaonesha kuwa majanga ya mwishoni mwa karne ya 19, yakiwamo njaa na maradhi, yaliupa utambulisho wa jamii za magharibi mwa Serengeti sura mpya. Kwa hiyo, afya nayo huunda kabila. Dawa si kulirejesha swali la kabila, bali kuchunguza koo. Kwa Wakurya, msimu wa tohara huamuliwa na baraza la wazee wa ukoo, *inchama*. Wastani wa mkoa humtuhumu binti wa Musoma asiyehusika, na humficha wa Tarime aliye hatarini.